Kucheza mechi nyingi hakukunitoa nilipokwama

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wenzangu wa vibanda vya gemu hapa Mbeya. Asubuhi napakia viazi Uyole, jioni nipo Mwanjelwa na pedi mkononi, nacheza mpira wa PlayStation.

Mwaka mzima nilikwama. Wa kawaida nawafunga, lakini wakali watatu wa kibanda wananipiga kila siku. Dawa yangu ikawa kuongeza mechi. Hela ikaisha, kiwango palepale.

Rafiki akanirekodi kwa simu mechi mbili. Nilipozitazama usiku nilishtuka: nikishambuliwa tu, namtoa beki wa kati akimbilie mpira, nyuma panabaki wazi. Mabao matano kati ya saba yalipita hapo! Kumbe siku zote nilikuwa nalaumu pedi.

Wiki tatu niliacha kushindana, nikafanya zoezi moja: beki wa kati abaki mahali pake, nikabe kwa kiungo. Mwanzoni nilifungwa zaidi, maana vidole vilishazoea njia ya zamani. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mwanasaikolojia Anders Ericsson wa Sweden na wenzake waliandika mwaka 1993, wakichunguza wapiga fidla, kwamba kurudiarudia tu hakutoshi. Lazima mazoezi yalenge udhaifu wako.

Sasa wawili kati ya wale watatu nawafunga. Wenye vibanda, tafadhali tupeni dakika sitini za asubuhi kwa nusu bei, tufanye mazoezi bila kelele za foleni.

Msomaji wako,
Mwanjelwa, Mbeya