Kwa rafiki yangu: picha za mzee zitoe kabatini

Rafiki yangu mpendwa,

Uliniandikia kwamba picha nilizompiga mzee, baba yako, umezipenda mno, hata umezifunga vizuri na kuziweka kabatini zisichafuke. Ndiyo maana nakuandikia. Naomba uzitoe.

Familia nyingi hutafuta picha ya mzazi siku ambayo mwenyewe hawezi tena kuiona. Hapo simu zinapekuliwa usiku kucha, uso unakatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya mtu, na bega la jirani linabaki pembeni. Sikutaka hayo yakukute. Baba yako nimempiga picha akiwa mzima, akijua anapigwa, na akijua ni zawadi yako.

Uliuliza kwa nini nilitumia filamu wakati simu yangu ina kamera nzuri. Jibu liko kwenye albamu yenu, ambayo mimi na mzee tuliipitia kabla ya kuanza kazi. Ninyi wote mmo. Yeye hayumo, maana ndiye aliyekuwa akishika kamera. Ipo moja tu ambayo kivuli chake kimelala kwenye nyasi, viwiko vimeinuka, kikifika karibu na miguu yako. Mtu aliyewapiga ninyi kwa filamu miaka yote hiyo, niliona naye anastahili filamu. Aliposikia mkanda ukivutwa ndani ya kamera alitabasamu, akauliza, "Zimebaki ngapi?"

Swali hilo hakuna anayeuliza tena. Mkanda wa milimita 35 kwa kawaida hutoa picha 36, ukiisha umeisha, na huwezi kutazama ulichopiga mpaka filamu ioshwe. Kwa hiyo hupigi ovyo. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Ukizitazama kazi zake unaona jinsi mkono, bega na nguo vilivyopangwa kabla kidole hakijagusa kitufe. Nami na mzee tulitumia muda mwingi zaidi kuzungumza kuliko kupiga.

Alikaa ubavuni mwa dirisha ili mwanga umjie kwa upande mmoja na mikunjo ya uso ionekane. Mwanga niliupima shavuni mwake, sio kwenye ukuta wa nyuma. Kipima mwanga hudhani kila kinachokiona ni cha kijivu cha wastani. Ukikielekeza kwenye ukuta mweupe kinakuambia upunguze mwanga, na uso mweusi unazama gizani. Ndiyo maana kwenye picha nyingi za zamani shati linang'aa na mwenye shati hatambuliki. Inaniuma kila ninapoiona picha ya namna hiyo, kwa sababu ilikuwa ni suala la kupima tu.

Ile ya miwani umeisifu sana, basi nikueleze ilivyopatikana. Mtu akijua anapigwa hukaza uso. Kamera ikishalia anashusha pumzi, mabega yanateremka, na hapo ndipo mimi huvuta mkanda na kupiga tena. Mzee alikuwa ameivua miwani, kidole gumba kinafuta kioo kwa pindo la shati, huku akinihadithia ulivyokuwa mbishi wa kulala ulipokuwa mdogo.

Mimi ningeichagua hiyo. Yeye kachagua ile aliyokaa wima, kifungo cha juu kimefungwa, anatazama mbele. Nakuomba uitundike hiyo kwanza, mahali atakapoiona kila akija kwako, mradi jua lisiipige moja kwa moja. Uso ni wake, uamuzi uwe wake.

Kinachostahili kuingia kabatini ni negativu, yaani vipande vya filamu yenyewe iliyokwisha oshwa. Nimezitia kwenye mifuko isiyo na asidi, ndani ya bahasha ile ngumu. Picha ya filamu nyeusi na nyeupe imejengwa kwa chembe za madini ya fedha. Ikioshwa vizuri, dawa yote ikatoka, na ikahifadhiwa pakavu penye ubaridi, inaweza kudumu zaidi ya miaka 100. Za rangi hufifia mapema zaidi, ndiyo maana sikuzitumia. Negativu hizo usiziweke karibu na jiko wala chini ya paa lenye joto, na ukizishika, shika kwenye kingo tu. Hiyo iliyo ukutani ikichakaa au mtoto akiichora, tutachapisha nyingine kutoka humo humo.

Halafu kuna mkanda wa pili, bado umo kwenye kamera. Mzee kanikataza kuumaliza mpaka uje, anataka mpigwe pamoja. Niambie utapata nafasi lini. Njoo asubuhi, mwanga wa dirisha lile huwa mzuri zaidi wakati huo, na usivae shati jeupe.