Spoila inapunguza mafuta? Tupime kwanza

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini kwako maana hili jambo limenikaa rohoni.

Hapa kijiweni kwetu Tabora kuna ubishi wa upepo na gari. Fundi mmoja anasema ukifunga spoila, kile kipande kama bawa, nyuma ya gari, gari inakata upepo na mafuta yanapungua, na yeye ana miaka 20 gereji kwa hiyo asibishiwe. Kijana mmoja wa chuo akamwambia si kweli, akaulizwa kwa nini, akajibu "mimi hiki kitu nimekisomea". Basi. Hakuna aliyetoa sababu, kila mtu anatupa ukubwa wake tu, na wakati wanabishana mwenzetu ameshatoa hela yake na spoila imefungwa. Imeniuma sana.

Mimi naendesha Noah. Upepo haupandi sawa na spidi jamani, ukitoka 40 ukafika 80 unakurudisha nyuma mara 4 sio mara 2, ndo maana kwa mizunguko ya spidi ndogo ya hapa mtaani Ipuli na sokoni hata spoila ya dhahabu haikusaidii kitu. Halafu watu wanaangalia pua ya gari tu wakati shida kubwa iko nyuma, pale hewa inapoachana na bodi inabaki sehemu yenye mgandamizo mdogo inayolivuta gari. Mjerumani Wunibald Kamm alishafanyia kazi habari hiyo ya mkia wa gari tangu miaka ya 1930. Spoila inayosaidia ipo, ila ni ile iliyochorwa kwa umbo la gari hilohilo ikapimwa. Zile bawa kubwa za magari ya mashindano kazi yake ni kukandamiza tairi chini, na hapo upinzani wa hewa unaongezeka.

Kupima upepo unavyokula mafuta, mimi nilitoa keria juu, nikajaza tenki, nikaenda Nzega na kurudi kwa spidi 80, maana ukienda upande mmoja upepo unaweza kukudanganya, nikajaza tena pampu ileile. Nikarudishia keria nikafanya hivyohivyo, mzigo uleule. Nimerudia mara tatu, na kila mara yenye keria ilikunywa zaidi. Hiyo haihitaji cheti wala uzee wa gereji. Hata vipande vya uzi ukivibandika kwa selotepu kwenye bodi, mwenzio akakurekodi kwa simu toka gari la pembeni barabara ikiwa wazi, uzi uliolala ujue hewa inapita vizuri, unaocheza ujue hapo imeshavurugika.

Kwa hiyo namuomba fundi wetu, kwa heshima zote, na yule kijana pia, Jumapili asubuhi kabla upepo haujaanza tukutane na gari la huyo mwenzetu, safari moja na spoila na nyingine bila. Mafuta nachangia mimi.

Dereva wa Noah,
Ipuli, Tabora