Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Orodha ifike Kalenga

Mheshimiwa Waziri,

Kamwene. Nakuandikia kutoka Kihesa, Iringa. Habari za Mtwa Mkwawa, chifu wetu Wahehe, unazijua, kwa hiyo niende moja kwa moja kwenye jambo langu, ambalo ni orodha ya mifupa na vitu vya mababu zetu vilivyochukuliwa na Wajerumani.

Mtwa alijipiga risasi Julai 1898 ili asikamatwe. Wajerumani wakamkata kichwa, wakaondoka nacho. Mwaka 1919 Mkataba wa Versailles, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246, uliwataka wakirudishe ndani ya miezi 6. Na wakikabidhi kwa nani? Kwa serikali ya Uingereza! Wahehe hawakutajwa. Miezi 6 hiyo ikageuka miaka 35. Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu chungu nzima, ikabidi achague kwa vipimo na kwa tundu la risasi. Likarudishwa 1954, na ndilo lililopo leo kwenye makumbusho ya Kalenga, hapa Iringa. Wako wazee wanaonong'ona hadi leo kama kweli ndilo lenyewe, nami siwalaumu, maana aliyelibeba hakuwa ameandika vizuri alikolitoa.

Ndiyo sababu nalilia orodha. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba katika mafuvu zaidi ya 1,100 waliyoyachunguza, 202 ni ya Tanzania, na kwa vipimo vya vinasaba wakapata hata ndugu walio hai wa baadhi yao. Mwaka huohuo Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha pale Songea na kuahidi kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni. Vizuri. Lakini mzee wa Kalenga, au wa Rungwe, atajuaje kama babu yake yumo kwenye kabati la Berlin? Taarifa zimeandikwa Kijerumani na Kiingereza, tena kwenye intaneti.

Naomba wizara yako itafsiri orodha hizo kwa Kiswahili: mifupa, mikuki, ngao, ngoma, kila kimoja na mahali kilipochukuliwa, mwaka, na jina la aliyekichukua. Pasipojulikana paandikwe hapajulikani. Zibandikwe Kalenga na kwenye ofisi za vijiji. Na kabla serikali haijasaini chochote na Ujerumani, familia ziulizwe kwanza zinataka nini: kuzika, au kuhifadhi makumbusho, na makumbusho ya wapi. Zisiitwe siku ya hafla tu, kuja kupiga makofi.

Pale Lugalo mnara wa askari wa Zelewski, kamanda wa Kijerumani, waliouawa na Wahehe 1891, bado umesimama. Wao wa kwao waliwahesabu.

Wako,
Mkazi wa Kihesa, Iringa