Kwa Nini Tafi Wamo Kwenye Orodha Yetu na Kikande Hawamo

Wateja wetu wa majumbani na wa hoteli wameona kwamba tafi karibu hawakosi kwenye orodha tunayowatumia kila wiki, ilhali kikande hawamo kabisa, na pono wakubwa wa mwambani hawajapata kuingia humo tangu tuanze kununua samaki moja kwa moja kutoka kwa wavuvi wa malema, yaani mitego ya kusukwa, na mshipi wa pwani ya kusini ya Kenya. Baadhi yao wametuuliza, na wana haki ya kuuliza, iwapo huku si kujinyima riziki bure. Mwamba wa matumbawe una aina chungu nzima za samaki wanaokula mwani, na nyingine nyingi zinazokula wanyama wadogo. Aina moja ikipungua, je, nyingine hazitaifanya kazi yake? Mara nyingi zitaifanya, na ndiyo maana tunauza tafi. Lakini si kila kazi ya mwambani iliyo na wafanyakazi wa kutosha, na orodha yetu imepangwa kwa kuzingatia tofauti hiyo.

Tuanze na kazi ya kula mwani, kwa kuwa ndiyo yenye wafanyakazi wengi. Matumbawe hukua polepole sana. Yale makubwa ya mviringo huongezeka kiasi cha sentimita moja hivi kwa mwaka. Mwani huhitaji majuma tu. Kila panapobaki jiwe tupu lenye kupata jua, mwani ndio hutangulia, na ukishatanda, matumbawe machanga yanayoelea majini hayapati mahali pa kujishikiza. Kinachoyaachia nafasi ni meno ya samaki. Pono wa mwambani hukwangua jiwe kwa mdomo wake mgumu, na aina kubwa huondoka na chembe za jiwe lenyewe, ambazo humtoka baadaye zikiwa mchanga. Kangaja hukata mwani mfupi juu juu bila kulidhuru jiwe. Puju hupendelea mwani mkubwa wa rangi ya kahawia, ambao kangaja hausogelei, na tafi hula mwani wa majani pamoja na nyasi za bahari. Kazi hizi zina mipaka, lakini mipaka yenyewe huingiliana, kwa hiyo mwani ule ule mchanga unaweza kuliwa na kangaja leo na tafi kesho, na mmoja akipungua, mwenzake huziba sehemu ya pengo lake.

Mwingiliano huo ndio akiba ya mwamba, ila una sharti: wanaofanya kazi moja wasiangamizwe na sababu moja. Matatu kumi kwenye njia moja humfaa abiria gari moja linapoharibika, lakini siku ya mgomo wa madereva kumi hayo ni sawa na kutokuwa na gari. Mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe ya Kenya na Tanzania yalipauka na sehemu kubwa yakafa. Samaki wanaokula matumbawe hai walikosa chakula. Wala mwani, kinyume chake, walikuta malisho yameongezeka, kwa kuwa matumbawe yaliyokufa huvikwa mwani mara moja. Joto halikuwagusa wote namna moja, na hapo uwingi wa aina ulikuwa na maana. Juya, yaani wavu wa kukokota, kwa upande wake, halichagui. Humbeba kangaja, pono, tafi na watoto wao kwa mkupuo mmoja, na aina kumi zilizoonekana kuwa akiba ya kila mmoja hutoweka pamoja. Kwa sababu hiyo hatununui samaki wa juya, ambalo pia limekatazwa kisheria nchini Kenya, hata wanapokuwa wabichi na wa bei nafuu.

Mfano unaotutia hofu zaidi hautoki kwetu bali Jamaika. Baada ya miongo mingi ya uvuvi mzito, samaki wala mwani katika miamba ya kisiwa hicho walikuwa wamebaki wachache na wadogo, na bado mwamba ulionekana mzima. Uliendelea kuonekana hivyo kwa sababu zamu yote ilikuwa imeshikwa na mnyama mmoja tu, aitwaye kwa Kiingereza sea urchin, mwenye miiba mirefu myeusi, wa jamii ya wale ambao hapa kwetu huwachoma watu nyayo maji yanapokupwa. Mwaka 1980 kimbunga kikubwa kilivunjavunja matumbawe, nayo yakaanza kuota tena, kwa kuwa mnyama huyo alikuwa bado anausafisha mwamba. Kisha mwaka 1983 ulizuka ugonjwa ulioonekana kwanza upande wa Panama, ukaenea Karibi nzima, na katika muda wa mwaka mmoja hivi zaidi ya asilimia 90 ya wanyama hao walikuwa wamekufa. Hakukuwa na wa kupokea zamu. Matumbawe hai, ambayo mwaka 1977 yalifunika takriban asilimia 52 ya miamba iliyopimwa, yalikuwa yamebaki asilimia 3 hivi kufikia mwaka 1993, nao mwani ulikuwa umepanda kutoka asilimia 4 hadi 92. Mtu aliyezamia huko mwaka 1979 asingeona dalili yoyote kwamba mambo yamekwisha kuharibika, kwa sababu hasara ya kupoteza samaki ilikuwa imefichwa na mfanyakazi mmoja aliyebaki.

Hapa kwetu wanyama wa miiba wa jamii hiyo wameleta shida ya kinyume: wamezidi. Wakiwa kiasi, husaidia kupunguza mwani. Wakijaa, hulitafuna jiwe lenyewe kwa meno yao, na mwamba huliwa kwa kasi kuliko matumbawe yanavyoweza kuujenga. Utafiti ulioendeshwa na mwanasayansi wa bahari Tim McClanahan na wenzake katika pwani ya Kenya tangu miaka ya 1980 ulilinganisha maeneo yanayovuliwa na hifadhi ambako uvuvi umepigwa marufuku, zikiwemo zile za Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, na ukakuta kwamba wanyama hao ni wengi mno nje ya hifadhi na wachache ndani yake. Aliyeonekana kuleta tofauti hiyo zaidi ya wengine ni kikande mwenye mistari ya rangi ya chungwa, ambaye taya zake zina nguvu ya kumvunja mnyama wa miiba na kumla.

Wapo samaki wengine wanaosaidia, kama changu wa aina fulani na baadhi ya samaki wenye midomo minene wanaovizia kando ya matumbawe, lakini msaada wao ni mdogo. Kwa hiyo hii ni kazi ambayo akiba yake ni nyembamba sana, na mwenye kuishika ana bahati mbaya ya kuwa jasiri na mlafi: huingia lema bila kusita na huukimbilia mshipi kabla ya wengine, hivyo huwa miongoni mwa wa kwanza kumalizika uvuvi unapoongezeka. Akishaondoka harejei upesi. Katika hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, imechukua miaka mingi ya kutovua ndipo vikande wakaanza kuongezeka na wanyama wa miiba wakapungua. Kikande mmoja sokoni ni kitoweo cha sahani mbili, tena baada ya taabu ya kumchuna ngozi. Kwa hesabu ya biashara tu, bila hata kutaja hifadhi, hiyo ni bei duni kwa samaki anayetulindia mwamba wanakotoka samaki wetu wengine wengi.

Labda mteja atasema basi tuwapange samaki wote kwa kazi zao, tujue nani ana wasaidizi na nani hana, tumalize. Tungependa iwe rahisi hivyo. Katika kisiwa cha Orpheus, kwenye mwamba mkubwa wa matumbawe wa Australia, watafiti waliwazuia samaki kwa vizimba mpaka mwani mkubwa ukasitawi, kisha wakaviondoa na kuweka kamera ili waone nani atausafisha. Walitarajia pono na kangaja. Hao waligusa kidogo tu, na aliyeumaliza mwani ule katika majuma machache alikuwa samaki mpana, mwembamba kama sahani, ambaye alidhaniwa kula zaidi wanyama wadogo na ambaye hakuwa mwingi hata kidogo mahali pale. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006, na kwa maoni yetu yanamtaka muuza samaki awe mwangalifu kuliko mtaalamu: asiseme samaki fulani hana kazi kwa sababu tu hajaonekana akiifanya.

Katika biashara yetu, hayo yamegeuka taratibu chache ambazo mteja atakutana nazo anapoagiza. Tunanunua tafi kwa sababu hukua haraka, huzaa akiwa na umri mdogo, na kazi yake ya kula mwani ina washirika. Pono wadogo wa rangi ya udongo wanaoishi kwenye nyasi za bahari tunawanunua pia, kwa kuwa nao hukua haraka na hawakwangui mwamba; pono wakubwa wa kijani na buluu hatuwapokei kwa uzito wowote. Kangaja na puju tunawauza kwa zamu na kwa kiasi, tusichukue aina moja mfululizo. Malema ya wavuvi tunaoshirikiana nao yana mwanya mwembamba pembeni, unaowaruhusu watoto wa samaki na wale wembamba wasio na soko kutoka wenyewe, na kwa samaki wa malema hayo tunamlipa mvuvi bei ya juu kidogo, ambayo ndiyo sababu kilo yetu huwa ghali kuliko ya ufuoni.

Kuna jambo moja la msimu. Wakati wa kaskazi, hasa kati ya Novemba na Februari, tafi hukusanyika kutaga mayai siku chache baada ya mwezi mpevu, na mvuvi anayejua mahali pao anaweza kujaza chombo kwa asubuhi moja. Siku hizo hatununui tafi. Aliyeagiza atapigiwa simu kabla ya samaki kukatwa, na badala yake atapewa changu au jodari kwa bei ile ile ya tafi. Asiyependa kubadilishiwa anaweza kuahirisha oda yake mpaka wiki inayofuata bila gharama yoyote.