Mtoto afundishwe kabla hajatuma picha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya somo la TEHAMA katika shule zetu za Mtwara. Kwa ninavyoona kwenye madaftari ya wanangu, wanaandika sehemu za kompyuta na kazi zake. Ni vema. Lakini jambo wanalolifanya kila wakishika simu ya mama au ya kaka, kupiga picha na kuirusha, sioni likifundishwa, nami nadhani ndilo lingetangulia.

Tazameni msimu wa unyago. Shule zimefungwa, mwali anatolewa, ngoma inalia, simu zimeinuliwa kila upande. Jua halijazama, sura ya binti mdogo, jina lake na kijiji chake vimeshafika kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wasiomjua kabisa. Wanaorusha hawana nia mbaya. Ni shangazi, ni binamu, wamefurahi. Binti mwenyewe hakuulizwa.

Na sisi watu wa Kusini, jamani, ndio tungekuwa wa kwanza kulielewa hili! Aliyepita jandoni au unyagoni anajua kwamba yapo ya kusemwa mbele ya watu na yapo ya kubaki ndani. Mwalimu aanzie hapo, watoto watamwelewa mara moja.

Wala kusisingiziwe kukosa kompyuta. Kipindi kimoja cha Kiswahili kinatosha: mwalimu abandike ubaoni picha moja iliyochapwa, ya mtoto wa kuigiza, kisha aulize mgeni akiiona atajua nini. Nembo ya sweta inataja shule. Kibao nyuma yake kinataja kata. Maneno yaliyoandikwa chini yanataja jina la baba. Halafu wabishane: nani alipaswa kuombwa ruhusa? Wanafunzi wakubwa waelezwe pia kwamba kufuta ujumbe hakuigusi nakala ambayo mwingine ameshaihifadhi, na kwamba kamera ya simu, ikiruhusiwa, huhifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa.

Sheria tunazo. Ile ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumnyanyasa mtu mtandaoni, na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Zisomwe darasani kwa lugha ya watoto.

Walimu nao wajitazame. Nimeshaona kwenye grupu la wazazi picha ya wanafunzi waliopiga magoti kwa adhabu, nyuso wazi. Iliniuma sana, maana mtoto aliyerushwa hivyo na mwalimu wake hawezi kufundishwa naye kuheshimu picha ya mwenzake.

Nawaomba maofisa elimu wa halmashauri zetu wapange kipindi hicho kabla ya likizo ya Desemba, na manyakanga na makungwi, wazee wanaoongoza jando na unyago, waalikwe shuleni wakae na watoto, wakubaliane simu zitaishia wapi siku ya ngoma.

Mzazi,
Newala, Mtwara