Wosia unasema nilimtelekeza baba

Shangazi mpendwa,

Katika wosia wa marehemu baba mna sentensi isemayo kwamba mimi, bintiye, nilimtelekeza katika ugonjwa wake na kwa hiyo nisipewe chochote. Nimeirudia usiku kucha, kumekucha, na bado haijanishuka. Mimi ndiye niliyemlisha uji kwa kijiko, nikimwinamisha kidevu kidogo ili usimpalie, tangu kiharusi cha kwanza hadi kaka alipokuja na gari kumchukua akakae kwake mjini. Huko ndiko wosia ulikoandikwa, na huko ndiko alikofia.

Sililii shamba. Nina cherehani yangu na watoto wangu hawalali njaa. Hata hivyo migomba ya kule bondeni niliipanda mimi, na sioni ni kwa haki gani mtu aliyekuwa akifika nyumbani Krismasi hadi Krismasi apewe shamba lote na hati miliki yake, mama aachiwe nyumba tu. Lakini haya ningeyavumilia. Nisiloweza kulivumilia ni kuandikwa kwamba nilimtelekeza.

Baba alikuwa mwalimu, na sahihi yake kijiji kizima kinaijua kutoka kwenye ripoti za shule. Kwenye wosia pana dole gumba. Wakili niliyemwendea alinieleza kwamba dole gumba pekee si kasoro, mradi mashahidi wawili walimwona akiliweka. Alinieleza pia kwamba chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 5, aliyeandika wosia huchukuliwa kuwa alikuwa na akili timamu, na anayedai vinginevyo ndiye anayepaswa kuthibitisha. Kisha akaniuliza kama baba alikuwa na siku nzuri. Nilimwambia kweli, kwa sababu siwezi kumsingizia maiti: kuna asubuhi alizotaja wanafunzi wake wa zamani kwa majina na kuuliza bei ya mahindi, halafu jioni ya siku hiyo hiyo ananiita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki na kuniamuru nikakame ng'ombe tuliowauza kitambo. Wakili akasema mahakama itatazama hali yake saa ile aliyotia dole, na saa ile mimi sikuwepo.

Sikuwepo kwa sababu sikuruhusiwa. Nilikwenda mjini kumwona zaidi ya mara moja, na kila mara wifi alinijibu mlangoni kwamba mzee amelala. Nauli nilikuwa nayo, Shangazi, mlango ndio sikufunguliwa. Leo kaka anawaambia watu kwamba baba alikuwa akilalamika kwamba simjali. Mzee aliye katika hali ile, akiambiwa kila siku kwamba bintiye amemsahau, na binti mwenyewe hamwoni, si mwishowe ataamini? Nijibu hili kabla ya mengine yote.

Wakili anasema kifungu cha 7 hubatilisha wosia uliopatikana kwa ulaghai, kwa shuruti, au kwa kumsumbua mtu hadi hiari ikamtoka. Nikifuata njia hiyo, nitakuwa nimemwita ndugu yangu wa damu mlaghai, na mama ameniomba kwa machozi nisifanye hivyo. Nikidai kwamba akili haikuwa timamu, itanibidi kusimama Mahakama Kuu mbele ya watu aliowafundisha kusoma, nieleze jinsi mwalimu wao alivyokuwa akivaa shati kinyume na kuogopa kivuli chake ukutani. Mambo hayo niliyaficha ili aheshimiwe. Na nikishindwa, hukumu itakuwa imesema kwamba baba alikuwa na akili zake na hiari yake, yaani maneno yale aliyamaanisha.

Ipo njia ya tatu, ambayo wakili anaipenda. Kifungu cha 26 kinaniruhusu kuiomba mahakama inipe fungu la kutosha kama mtoto wa marehemu, maadamu hati ya usimamizi wa mirathi haijaidhinishwa, na kuolewa kwangu hakunizuii. Sitalazimika kuthibitisha ugonjwa wala shuruti. Lakini wosia utabaki ulivyo, nami nitakuwa nimepokea kipande cha shamba kwa kukubali sentensi ile iendelee kukaa humo, wanangu waje kuisoma. Kuna saa naona ni afadhali nikose shamba lote ili neno lile lifutwe, na kuna saa nakumbuka migomba yangu na nasema hapana, nitadai vyote viwili.

Tangazo la mirathi ya baba limekwisha kutoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, na siku 30 za kuweka pingamizi zimeanza kuhesabiwa. Wakili anataka jibu wiki hii. Mama hajui kwamba nilikwenda kwa wakili, na kama utaichapisha barua hii, nakusihi usitaje ninakotoka.