Barua kwa vijana wa kijiwe cha boda Kiborloni: hiyo Seneti mnayoitaka mnaijua?

Wanangu, marahaba. Kila jioni nawasikia mnabishana eti na sisi tuwe na Seneti, yani nyumba ya pili ya bunge, kama majirani zetu Kenya hapo ng'ambo ya Holili, halafu mmoja anadakia kwamba mbona nyumba mbili tunazo tayari, Dodoma na Zanzibar. Hapana jamani. Baraza la Wawakilishi linatunga sheria za Zanzibar kwa mambo yasiyo ya Muungano, muswada wa Dodoma hauendi kule kupigiwa kura tena. Na lile Bunge la Afrika Mashariki linalokaa Arusha ni la jumuiya, liacheni.

Angalieni Kenya, katiba yao ya 2010. Bunge la Taifa lina wabunge 349 ukimtoa Spika, Seneti wako 67, kati yao 47 wamechaguliwa na wananchi, mmoja kila kaunti (ndo kama mikoa yao), waliobaki ni viti vya vyama. Kila upande una Spika wake na ukumbi wake, akidi, yani idadi ya chini ya kufanya kikao, Bunge la Taifa 50, Seneti 15, ila wakikaa pamoja, mfano Rais akija kuhutubia, kiti anashika Spika wa Bunge la Taifa.

Sasa utamu uko hapa. Muswada unaogusa kaunti ukifika Seneti hawahesabu vichwa, wanahesabu kaunti, kila kaunti kura moja, zikifika 24 umepita, yani Lamu yenye watu kiduchu inalingana na Nairobi nzima! Pande mbili zikigomeana inaundwa kamati ya upatanishi, wajumbe nusu kwa nusu, wasipoelewana ndani ya siku 30 muswada umekufa. Muswada wa fedha lakini unaanzia Bunge la Taifa tu. Na Oktoba 2024 mliona wenyewe kwenye simu zenu, Bunge la Taifa lilimshtaki Naibu Rais Gachagua, Seneti ndo ikasikiliza kesi na kumng'oa.

Ninachowaomba, msidai jina tu. Seneti yao inasimama juu ya kaunti zenye gavana wa kupigiwa kura na fungu lake la hela, sisi mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais, sasa hapo mtakuwa mmeongeza V8 barabarani basi. Wenyewe walipata uhuru 1963 wakiwa na Seneti, majimbo, yani mikoa yao ya wakati ule yenye serikali zake, yakanyang'anywa nguvu, 1966 Seneti nayo ikamezwa.

Jumamosi napita hapo, mnijibu: seneta wa Kilimanjaro atalinda hela ya nani?

Mzee wenu